Picha ya mafuta isiyo na macho imekamilika, acheni kuipeleka kwa fundi

Ndugu wananchi, siku hizi sisi wahifadhi wa picha tunaletewa sana picha za zamani za rangi ya mafuta ambazo mwenye nyumba kaona watu waliochorwa hawana macho wala midomo, akampa fundi wa mtaani "azimalizie", halafu ndo anakuja kwetu kuuliza thamani. Tunajua nia ni njema, picha ni ya marehemu babu na mtu anataka ipendeze sebuleni. Lakini ile picha ilikuwa imeisha.

Mchukueni mchoraji wa Tanzania Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Binadamu wake ni wadogo na wako wengi, wanalima, wanabeba mizigo, wanaenda kwenye sherehe, na sura hakuzihangaikia kwa sababu anachotaka uone ni mgongo ulioinama na namna watu kumi wanavyokuwa kazi moja. Kwenye nafasi pia hakufuata ile kanuni ya vitu kupungua mpaka vipotee mbali, kwake ardhi inapanda tu juu ya turubai, aliye mbali anakaa juu, aliye karibu anakaa chini, migomba inajaza katikati, na rangi anaiweka bapa bila kuhangaika na vivuli, kwa hiyo kinachotenganisha mtu na shamba ni rangi yenyewe. Sasa wewe ukiongeza jicho jeupe lenye mboni, umevunja mpango mzima, maana mtazamaji atang'ang'ania lile jicho na kijiji chote kitapotea.

Na hili la kusema "hakujua kuchora sura" naomba liishe jamani. Baada ya Chuo cha Makerere, Uganda, alisoma Slade, chuo cha sanaa cha London, kuanzia 1952 hadi 1955, ambako wakati huo kuchora mwili wa mtu aliyesimama mbele yako ndo ulikuwa msingi wa masomo, akarudi anachora kwa mtindo wake uleule. Alichagua. Picha yake ya 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iliingia kwenye mkusanyiko wa Museum of Modern Art, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, mwaka 1960, na hakuna aliyeomba iongezewe pua.

Sasa sheria. Kununua au kurithi picha kunakupa kile kitu, hakukupi hakimiliki, yaani haki ya kuinakili na kuitumia kazi hiyo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999, ulinzi unadumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo, Ntiro alifariki 1993, kwa hiyo hesabuni mpaka mwisho wa 2043. Humo pia kuna haki za kimaadili, yaani kazi isiharibiwe wala kugeuzwa kwa namna inayomvunjia msanii heshima. Ukitaka kuitoa kwenye fulana, kalenda au kava la kitabu, unaandika barua kwa warithi au kupitia ofisi ya hakimiliki, unaambatanisha picha ya kazi, unaeleza matumizi na idadi ya nakala, unasubiri jibu la maandishi. La mdomo halitoshi, hata kama aliyekubali ni shemeji yako. Ukikiuka unaweza kudaiwa fidia mahakamani, nakala zikakamatwa, na ukiwa umefanya biashara kuna faini au kifungo au vyote viwili.

Kama fundi ameshapaka, tafadhali usikwangue na usiguse na thina. Rangi ya mafuta inakauka taratibu kwa kunyonya oksijeni, ya zamani imeshakuwa ngumu ila ya juzi bado ni laini, na hiyo tofauti ndo inampa mhifadhi nafasi ya kuitoa ya juu bila kuumiza ya chini, kwa hiyo kila mwezi unaochelewa unatubana. Piga picha mbele na nyuma kwenye mwanga wa mchana bila flashi, muulize fundi alitumia rangi gani (wengi wanatumia ya geti), andika, kisha ilete ikiwa wima, usiikunje.