Betri ya gari la haibridi hudumu kuliko inavyodhaniwa

Kwa muda mrefu wanunuzi wa magari yaliyotumika kutoka Japani, hasa Nairobi na Dar es Salaam, wamekuwa wakionywa kwamba betri kubwa ya gari la haibridi, yaani linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, hufa baada ya miaka michache, na kwamba ikifa, gari zima hugeuka chuma chakavu. Onyo hilo lina chembe ya ukweli, lakini limekuzwa kupita kiasi.

Toyota ilianza kuuza Prius, gari lake la haibridi, nchini Japani mwaka 1997. Betri yake haiachwi ijae kabisa wala iishe kabisa: kompyuta ya gari huishikilia katikati, takriban kati ya asilimia 40 na 80, na hiyo ndiyo sababu kuu ya kudumu kwake, kwa kuwa kinachoichosha ni kujazwa na kumalizwa mara kwa mara, pamoja na joto. Tena si kipande kimoja. Ile ya Prius ya kizazi cha pili ina moduli 28, yaani betri ndogo zilizounganishwa pamoja, na fundi mwenye vipimo anaweza kubadilisha iliyochoka pekee, ingawa mara nyingi nyingine hufuata baadaye, hivyo ukarabati huo ni nafuu ya muda.

Hatari halisi huzungumzwa mara chache: feni ya kupoza betri, ambayo huvuta hewa karibu na kiti cha nyuma, huzibwa na vumbi au mizigo. Anayekagua gari kabla ya kununua na aanzie hapo, kisha apime afya ya betri kwa mashine ya uchunguzi. Asitegemee kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi, kwani huenda zimerudishwa nyuma.