Shingo ya V kwenye blauzi ya pamba: hesabu za kufanya kabla ya kupunguza vitanzi

Blauzi ninayofuma sasa ni ya uzi wa pamba, haina mikono, na nimefika kwapani. Hapa ndipo huwa naweka sindano chini na kushika kalamu. Mwili wa blauzi ni kwenda na kurudi tu, na yeyote anayeweza kufuma safu iliyonyooka ataumaliza. Shingo na makwapa ndiyo yanayoamua kama nguo itavaliwa au itabaki kabatini, na majibu yake yote yamo kwenye kipande cha majaribio, yaani kile kipande kidogo kinachofumwa kwanza kwa uzi na sindano zilezile ili kupimwa.

Kipande hicho nilikifua, nikakikausha, kisha nikakitundika usiku kucha huku vibanio vichache vya nguo vikikivuta kwa chini. Sufu ukiivuta hurudi. Pamba ikishashuka hubaki ilikoshuka, na uzito wa blauzi nzima huishusha zaidi. Mtu akipima pamba ikiwa bado imelala mezani, atapata blauzi ndefu kuliko alivyopanga. Nilipopima baada ya kutundika, nilipata vitanzi 22 na safu 30 katika sentimita 10, kwa sindano za milimita 4. Pima katikati ya kipande, mbali na kingo, kwa sababu vitanzi vya pembeni havilingani na vya kati. Na tofauti ya kitanzi kimoja usiidharau: vitanzi 210 kwa kipimo cha 22 ni mzunguko wa sentimita 95 na nusu hivi, lakini kwa kipimo cha 21 ni sentimita 100 kamili. Hiyo ni saizi nyingine.

Sasa shingo. Nataka upana wa sentimita 18 hivi begani na kina cha sentimita 18. Upana huo ni kabla ya ukanda, ule mpaka mwembamba unaofumwa mwishoni kuzunguka shingo. Ukanda wa sentimita 2 kila upande utaacha uwazi wa sentimita 14, na wengi husahau kuutoa mapema. Kipande cha mbele nilikianza kwa vitanzi 107, namba witiri, makusudi, ili nipate kitanzi kimoja cha katikati cha kuweka kwenye pini. Kinabaki pale kama ncha ya V. Kila upande napunguza vitanzi 20, na kina cha sentimita 18 kinanipa safu 54.

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza kila baada ya safu moja, yaani kila safu ya pili, mara 20: safu 40 zinaisha, na 14 zinazobaki nafuma moja kwa moja bila kupunguza. Ya pili ni kuyatandaza mapunguzo hadi begani: mara 13 kila safu ya pili, kisha mara 7 kila safu ya nne, ambazo jumla ni 54 zilezile. Njia ya pili hutoa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi juu, na kwa sufu naipenda sana. Kwa pamba nachagua ya kwanza bila kusita. Ukingo wa mshazari hulegea kuliko ukingo wima, na begani ndiko uzito wote wa nguo unakoning'inia. Zile safu 14 wima hushika vizuri, tena shingo inapita begani na kuungana na mgongo bila kona.

Mapunguzo nayafanya vitanzi viwili ndani ya ukingo, kamwe si kwenye ukingo wenyewe. Ukiitazama nguo kwa mbele, kwenye nusu ya kulia navifuma vitanzi viwili kwa pamoja, vikaegemea kulia. Kwenye nusu ya kushoto nahamisha viwili, kimoja baada ya kingine, kama ninayetaka kuvifuma, halafu navifuma pamoja kupitia nyuma, vikaegemea kushoto. Hivyo mistari miwili inafuata V yenyewe, na kando yake vinabaki vitanzi viwili safi ambavyo baadaye nitaokotea vitanzi vya ukanda, yaani nitavuta vitanzi vipya kutoka ukingoni.

Ukanda si pambo. Ufumaji wa uso laini, ule wa vitanzi vya kawaida mbele na vya kinyume nyuma, hujikunja: pembeni huelekea nyuma, juu na chini huelekea mbele, na pasi haiponyi hilo kwa muda mrefu. Idadi ya vitanzi vya kuokota inatoka kwenye kipimo kilekile: 22 gawanya kwa 30 ni kama robo tatu, kwa hiyo naokota 3 kwa kila safu 4. Kwa kuwa mshazari ni mrefu kuliko kina, ukanda unakuwa mfupi kidogo kuliko ukingo, na kwa pamba ndivyo ninavyotaka, uushike usilegee. Naufuma kwa sindano za milimita 3.5, na katikati, kwenye kile kitanzi cha pini, naunganisha vitatu kuwa kimoja kila safu ya pili ili ncha ibaki kali.

Makwapa ni mepesi zaidi. Blauzi isiyo na mikono inataka kwapa fupi na bega jembamba kuliko yenye mikono, la sivyo inaachia pembeni ukiinua mkono. Mabega nayaunga kwa sindano tatu, upande wa ndani (vitanzi vya mbele kwenye sindano moja, vya mgongo kwenye nyingine, na ya tatu inavifunga pamoja), kwa sababu mshono ule mgumu kidogo hauvutiki. Nayaunga kabla ya ukanda, ili niuzungushe shingo nzima mara moja. Nikishafuma safu 3 nailaza nguo mezani: ukanda ukifanya mawimbi, vitanzi ni vingi, shingo ikikunjamana, ni vichache, na wakati huo kufumua bado ni kazi ya dakika chache.