Lipidi zako ni nzuri? Vema. Hazijasema lolote kuhusu saratani

Nimeulizwa tena, na safari hii na mhudumu wa afya kabisa: "Daktari, lipidi za mgonjwa (mafuta ya damu, kama kolesteroli) zimekaa vizuri, saratani tuiweke kando?" Hapana. Usiiweke kando, wala usiisogeze karibu. Kipimo kile kiliwekwa kwa ajili ya moyo na mishipa. Ukikibana kitoe habari za saratani, kitakudanganya.

Ubaya ni kwamba imani hii imeota juu ya jambo la kweli. Tangu 1953, Medes na wenzake walionyesha kuwa vipande vya uvimbe hujitengenezea asidi za mafuta kutokana na glukosi na asetati. Mwaka 1994 protini OA-519, iliyokuwa ikiandamana na hali mbaya kwenye saratani ya matiti, ikatambuliwa kuwa ni FASN, kimeng'enya kinachojenga palmitati, aina ya asidi ya mafuta. Seli inayogawanyika bila breki inataka utando mpya kila mara, na utando ni fosfolipidi, yaani mafuta yenye fosfati. Hapo hatugombani.

Tunagombana pale mtu anapoyahamisha hayo kutoka kwenye seli hadi kwenye mrija wa damu. Uvimbe wa sentimita moja hauna hata gramu moja. Ini lina kama kilo moja na nusu, na ndilo linalopanga kolesteroli ya damu usiku na mchana. Na wale wanaonitajia kolesteroli ya chini kuwa inaleta saratani, watazame nini kilitangulia: mara nyingi ni ugonjwa uliojificha ndio ulioishusha, na uhusiano huo hufifia watafiti wakiondoa wagonjwa waliogunduliwa miaka ya mwanzo ya ufuatiliaji.

Sasa nije kwenye kinachonichoma hasa. Mwaka 1998 iliripotiwa kwamba asidi ya lisofosfatidi, LPA, ambayo ni lipidi, iko juu kwenye plazma (majimaji ya damu isiyoganda) ya wagonjwa wengi wa saratani ya ovari, hata wa hatua ya kwanza. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Kisha maabara nyingine zikapima, majibu yakakataa kulingana. Hebu fikiria LPA inatoka wapi. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikichokozwa huchangia kuizalisha, ndiyo maana seramu, inayopatikana baada ya damu kuganda, huwa nayo nyingi kuliko plazma. Hata plazma yenyewe ukiisahau mezani, kimeng'enya kiitwacho autotaksini kilichomo huendelea kuitengeneza kutokana na lipidi nyingine, lisofosfatidilikolini. Kwa hiyo damu ya mgonjwa iliyosubiri nje ya chumba cha upasuaji, na damu ya mtu mzima wa afya iliyokimbizwa kwenye barafu, zitatofautiana hata kama hakuna saratani popote. Mashine itazitenganisha vizuri sana, na mchoro utapendeza. Umegundua nani alichelewesha sampuli.

Ndiyo maana makala ya alama mpya ya saratani kwenye damu naanza kuisoma kwenye ukusanyaji: mrija wenye kizuia mgando gani, ulikaa muda gani kabla ya sentrifuji (mashine ya kuzungusha damu ili itengane), mgonjwa alikuwa amefunga kula au la. Nisipoyakuta hayo, sifiki kwenye michoro.

Hesabu nayo haina huruma. Chukua kipimo chenye unyeti wa asilimia 95 (kinawanasa 95 kati ya wagonjwa 100) na umahususi wa asilimia 95 (kinawaachia 95 kati ya wazima 100), upime watu 10,000 ambao 10 kati yao wana saratani. Utawapata 9 au wote 10, pamoja na watu wapatao 500 wasio na kitu, ambao sasa hawalali.

Kwenye tishu, mambo hubadilika. Saratani ya figo ya seli angavu tunaitambua kwa seli zinazoonekana tupu chini ya hadubini. Hazikuwa tupu, zilijaa mafuta na glaikojeni (sukari ya akiba), tukaziosha wenyewe kwa alkoholi na zailini wakati wa kuandaa tishu. Lipidi hazipo, na bado zinatupa utambuzi! Kwenye biopsi (kipande cha tishu kilichokatwa kupimwa) ya tezi dume tunapaka rangi ya AMACR, kimeng'enya cha kuvunja asidi za mafuta zenye matawi. Inasaidia, ila hata vidonda visivyo saratani huweza kushika rangi hiyo, kwa hiyo huwezi kuisoma bila kuangalia kama seli za msingi za tezi zipo. Kolini, kijenzi cha fosfolipidi, ikiwekewa kaboni-11 yenye mionzi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa skani ya PET (picha inayofuata dawa yenye mionzi mwilini) ya saratani ya tezi dume iliyorudi, ingawa skani inayolenga PSMA, protini ya seli za tezi dume, imeipiku. Na Imperial College London, mwaka 2013, walichapisha kazi ya kisu cha umeme ambacho moshi wake huingia kwenye spektrometa ya masi (mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake) na kusomwa fosfolipidi zake wakati upasuaji unaendelea.

Zile paneli za lipidi nyingi za damu, zinazopima lipidi kadhaa kwa pamoja kutafuta saratani, bado zinanitia shaka. Nadhani sehemu kubwa ya tunachokiona humo ni ugonjwa kwa jumla: inflamesheni, kukonda, kutokula. Zinalinganishwa na watu wazima wa afya, wakati kliniki inataka kumtenga mwenye saratani na jirani yake mwenye dalili zilezile asiye nayo. Huo ndio mtihani, na wengi hawaufanyi.

Kolesteroli ikiporomoka bila dawa wala kubadili mlo, tafuta sababu: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ini, utumbo usiofyonza chakula. Saratani nayo imo kwenye orodha hiyo. Ukiishuku, agiza picha, kisha biopsi. Kurudia lipidi kila wiki hakutakufikisha popote.