Mpambe wa Jenerali Hakuwa Mbeba Mkoba

Kila ninapofundisha historia ya vita hapa Iringa, hutokea msikilizaji mmoja anayenieleza kwa uhakika kabisa kwamba mpambe ni yule afisa kijana wa kusimama nyuma ya mkubwa, kufungua mlango wa gari na kushika mkoba. Juma lililopita niliambiwa hayo tena, na aliyeniambia ni mwalimu wa historia kutoka Mbeya, yaani mtu atakayekwenda kuwafundisha wengine kosa hilohilo. Imetosha. Picha hiyo tumeipata katika sherehe za kitaifa, ambako kazi ya mpambe huonekana kuwa kusimama wima na kutazama mbele. Vitani mambo ni tofauti, na nitayaeleza kwa wapambe wa Jenerali George Washington, aliyeongoza jeshi la Marekani katika vita vya uhuru dhidi ya Waingereza, kwa kuwa karatasi zao zimehifadhiwa kwa wingi.

Mnamo Januari 1776, Washington alimwandikia Joseph Reed, aliyekuwa katibu wake, kwamba alihitaji watu wa kufikiri kwa niaba yake na si watekelezaji wa amri tu. Alikuwa akiandikiana na Kongresi, yaani bunge la Wamarekani, na magavana wa majimbo 13, na wagavi wa chakula, na wapelelezi, na maafisa wa adui kuhusu mateka. Kila barua ilitaka rasimu, masahihisho, nakala safi ya kupelekwa na nakala ya kumbukumbu, na wakati mwingine nakala nyingine ya kupitishwa njia tofauti, kwa sababu tarishi angeweza kukamatwa. Wasomaji wa Tukuyu na Njombe wanayo sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine: mwaka 1916, Jenerali Edward Northey wa Uingereza alipoingia nchini kupigana na Wajerumani, kutokea Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), vikosi vyake vilitawanyika katika milima hii hii hadi vilipoikalia Iringa mwishoni mwa Agosti, na kamanda aliyekuwa mbali hakuwa na njia ya kumuuliza jenerali papo hapo kwamba sentensi ya pili ya amri yake ilikuwa na maana gani.

Sasa nije kwenye kosa linaloniudhi zaidi, ambalo hufanywa na waliosoma kidogo. Wakishajua kwamba barua nyingi za Washington zimeandikwa kwa mkono wa mpambe wake Alexander Hamilton, hurukia kusema kwamba Hamilton ndiye aliyekuwa akili ya jeshi na jenerali alikuwa wa kutia sahihi tu. Mwandiko unatuonyesha nani alishika kalamu, basi. Jenerali alitaja hoja zake kwa mdomo au kwa vidokezo, mpambe akaandika rasimu, jenerali akaisahihisha, kisha pengine mpambe mwingine kabisa akainakili. Kwa hiyo barua yenye mwandiko wa Tench Tilghman inaweza kubeba sentensi za Robert Hanson Harrison, mpambe mwenzake, na uamuzi wa Washington. Tena, watu wanaolala nyumba moja na kula meza moja kwa miaka huanza kuandika kwa namna moja, na mpambe hodari ni yule ambaye sauti yake haisikiki kabisa ndani ya barua ya mkubwa wake. Vitabu vya shule husema “Washington aliandika” bila kusita. Mimi pia huandika hivyo, lakini ninachoweza kukithibitisha ni kwamba aliisoma, akaikubali, na lawama ingekuwa yake.

Pale ambapo mpambe anaonekana akifikiri mwenyewe ni safarini. Baada ya Jenerali Horatio Gates, kamanda mwingine wa Wamarekani, kuwashinda Waingereza huko Saratoga mnamo Oktoba 1777, Washington alimtuma Hamilton huko Albany akachukue vikosi vya kuongeza nguvu upande wa kusini. Hamilton alikuwa na umri wa miaka 20 au 22. Mwaka wake wa kuzaliwa bado unabishaniwa, 1755 au 1757, ingawa vitabu vingi huchagua mmoja na kunyamaza. Gates alikuwa shujaa wa wakati huo na hakutaka kutoa askari. Alipotoa brigedi moja, Hamilton aligundua kuwa ilikuwa dhaifu kuliko zote, akamwandikia kuipinga na kudai nyingine. Kijana wa cheo cha luteni kanali, asiye na askari hata mmoja chini yake, alikuwa akibishana na jenerali mshindi kwa kutumia mamlaka ya mtu aliyekuwa mamia ya kilomita mbali. Mbeba mkoba hatumwi kazi kama hiyo.

Lakini kazi hiyo iliwagharimu. Vyeo na sifa zilipatikana kwa kuongoza mapigano, na Hamilton aliomba kikosi mara kwa mara bila kupewa, hadi Februari 1781 walipogombana na Washington, akaondoka ofisini. Alipata batalioni, na tarehe 14 Oktoba aliongoza shambulio la usiku dhidi ya ngome ndogo namba 10 ya Waingereza waliozingirwa huko Yorktown.

Tilghman alibaki. Ndiye aliyepeleka habari za ushindi wa Yorktown hadi Philadelphia, akiwa anaumwa homa, na Kongresi ikamzawadia farasi na upanga. Alikuwa amejiunga na Washington mnamo Agosti 1776, kabla ya Hamilton, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikataa mshahara. Kamisheni yake, yaani hati ya kumpa cheo cha afisa, ilitolewa Mei 1781, ikahesabiwa tangu tarehe 1 Aprili 1777, mwezi mmoja baada ya ile ya Hamilton, ili yeye aliyetangulia kazini awe nyuma ya Hamilton kwa cheo. Na Tilghman mwenyewe aliridhia.