Kipawa si namba wani tu

Dhana: Mwenye kipawa ni yule anayeongoza darasani.
Anayeongoza mara nyingi ana bidii, ana vitabu na stima nyumbani, na hilo si baya. Lakini pita soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili. Msichana anapima omena kwa gorogoro, nusu kwa huyu, robo kwa yule, na chenji ya noti ya elfu ameshaitoa kichwani kabla mteja hajafunga kibeti. Jumatatu anaandikiwa "hasikizi darasani", kumbe zoezi alilimaliza kitambo na sasa anachora nyuma ya daftari.

Dhana: CBC, mtaala wa umilisi wa Kenya, umemaliza shida hiyo ya kupima kipawa kwa namba.
KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na sekondari ya juu ina mikondo mitatu. Sawa. Ila mkondo wa sayansi katika shule isiyo na maabara ni jina tu.

Dhana: Mtoto mwerevu hahitaji msaada.
Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema vingine: elimu ya mahitaji maalumu inawahusu wenye vipawa pia, si walemavu pekee. Wazazi wangapi wanalijua hili? Na mtoto anaweza kuwa na vyote viwili, ulemavu na kipawa, halafu tukauona ulemavu tu.

Dhana: Walimu na wazazi wanawajua wenye vipawa, wawapendekeze.
Hapa ndipo usawa unapovunjika. Mzazi wa Milimani, mtaa wa matajiri Kisumu, atampigia mwalimu mkuu simu. Mama wa Nyalenda, mtaa wa mabanda, anayedamkia kibarua hajui hata kama kuna la kuomba. Huko Broward, Florida, Marekani, walitegemea mapendekezo hayo hayo kuwachagua watoto wa programu ya wenye vipawa. Mwaka 2005 wakaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili, kwanza kwa jaribio la maumbo ili anayebabaika kwa Kiingereza asiachwe nyuma. Wanauchumi David Card na Laura Giuliano walichunguza matokeo: watoto maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini waliotambuliwa waliongezeka sana, na alama za kufuzu hazikushushwa. Walikuwepo siku zote, ila hakuna aliyewataja. Baadaye bajeti ilipokatwa, upimaji ukasimamishwa, na pengo likarudi pale pale.