Ukifuta IN Moto Hauzimiki: Maneno ya Kiingereza Tunayoyapasua Pasipo Mshono

Dereva wa lori la mafuta alisimama mlangoni kwangu hapa Mwanjelwa asubuhi moja ya Julai, baridi ile ya Mbeya inayomfanya mtu aongee mikono ikiwa kwapani. Nilikuwa nimemkatia stika nyekundu za kubandika nyuma ya tenki: DANGER, HIGHLY INFLAMMABLE. Akazitazama, akatikisa kichwa.

"Dada, hapo umeniharibia. IN si ndiyo ya kukataa? Mimi nabeba petroli hadi Tunduma, wewe unaandika haiwaki."

Utingo wake akamuunga mkono: "correct" ni sahihi, "incorrect" si sahihi, hesabu imekwisha. Mama mmoja aliyekuja kutoa fotokopi ya cheti cha kuzaliwa naye akasema vijana wana hoja. Nikabaki peke yangu upande wa kamusi.

Kazi hii ya kukata stika, kuchapa barua na kudurufu mitihani imenifundisha kwamba Kiingereza chetu hakiharibiwi sana na maneno tusiyoyajua. Kinaharibiwa na tunayoyajua nusu. Tunaona herufi tunazozifahamu ndani ya neno, tunadhani pale ndipo penye mshono, tunalipasua.

Dhana: IN mwanzoni mwa neno hukanusha.

Ukweli: Kilatini kilikuwa na IN mbili zinazofanana kama majina ya watu wawili wasiojuana. Moja hukanusha. Nyingine ina maana ya ndani au juu ya kitu, na mara nyingine hulitia tendo nguvu tu. Kiingereza kikazirithi zote mbili. "Inflammable" limetokana na kitenzi inflammare, yaani kuwasha, na IN yake ni hiyo ya pili. Ukienda hospitali utakutana na ndugu yake, "inflammation", sehemu ya mwili iliyovimba, ikawa nyekundu na ya moto. Kwa hiyo "inflammable" na "flammable" yana maana moja: huwaka upesi. Kisichowaka huitwa "non-flammable".

Lakini dereva wangu hakuwa mjinga. "Flammable" lilizaliwa karne ya 19 na kukaa muda mrefu bila kazi, mpaka watu wa kuzuia moto walipoogopa kosa lile lile alilolifanya yeye. Chama cha taifa cha kuzuia moto cha Marekani, NFPA, kilianza kulihimiza miaka ya 1920. Shirika la viwango la Uingereza, BSI, likachukua msimamo huo mwaka 1959. Yaani wakubwa wale waliona ni nafuu kukata herufi mbili kuliko kumfundisha kila mtu Kilatini. Nami nikazikata. Alama ambazo hazina ubishi, na ambazo yeye alizijua kwa kichwa kuliko mimi, ni kibao chenye mwali wa moto na tarakimu 3 ya vimiminika vinavyowaka, pamoja na namba 1203 ya petroli au 1202 ya dizeli. Tangu Morogoro, Agosti 2019, lori lilipopinduka na kuua zaidi ya watu 100 waliokimbilia mafuta, sicheki mtu anayebishania neno nyuma ya tenki.

IN hiyo hiyo imewahi kunigombanisha na kamati ya wazazi. Walileta barua ya kumuaga mwalimu mkuu, nikaandika "invaluable service". Mwenyekiti akaona nimemtukana mzee wa watu, kwamba utumishi wake hauna thamani. Hapa IN inakanusha kweli, lakini kinachokanushwa ni uwezekano wa kukadiria: ni thamani isiyopimika. Asiye na thamani ni "worthless". Kwa upande mwingine, "inhabitable" ni mahali panapokalika, sawasawa na "habitable". "Infamous" ni mtu anayejulikana sana, ila kwa ubaya. Na "infant", mtoto mchanga, kwa asili ya Kilatini ni asiyesema. Hili la mwisho nalipenda, ingawa wangu walisema mapema mno.

Dhana: NEWS ni kaskazini, mashariki, magharibi na kusini.

Hii nimeichapa kwenye fulana. Nimechapa pia FAMILY ile ya kumpenda baba na mama, "Father And Mother I Love You", ambayo kwenye bajaji za hapa haina mpinzani. Mteja akilipa nachapa. Ukweli nauandika huku.

"News" ni "new" iliyowekwa kwenye wingi: mambo mapya, kama Wafaransa walivyokuwa wakisema. Zamani liliandikwa hata "newes", na hapo dira inapata mwelekeo wa ziada. "Family" limetoka Kilatini familia, lenye mzizi mmoja na famulus, mtumishi. Kwa Warumi lilijumuisha kila aliyekuwa chini ya mwenye nyumba, watumwa wakiwemo. SOS nayo, ishara ya meli kuomba msaada, haikuanza kama ombi la kuokoa roho, "Save Our Souls". Wajerumani waliitumia mwaka 1905, mkutano wa kimataifa wa Berlin ukaipitisha 1906, kwa sababu katika mapigo ya Morse, yale ya kutuma herufi kwa simu ya upepo, ni rahisi kuitambua: mafupi matatu, marefu matatu, mafupi matatu.

Nadhani najua kwa nini sisi wa nyanda hizi hunaswa kirahisi. Tumezungukwa na majina yaliyounganishwa vipande kwelikweli. Reli inayopita pale Iyunga ni TAZARA. Barabara kuu tumeizoea kwa jina la TANZAM. Bomba la mafuta lililoanza kazi 1968 kati ya Dar es Salaam na Ndola linaitwa TAZAMA, yaani Tanzania, Zambia, Mafuta, na juu ya hapo jina lenyewe ni neno kamili la Kiswahili. Hata nchi ni Tanganyika na Zanzibar zilizoshonwa pamoja mwaka 1964. Mtu aliyekulia humo ataachaje kuitafuta dira ndani ya NEWS? Ila kwa Kiingereza mtindo huu wa kuunda maneno ya kawaida kwa herufi za mwanzo umeshamiri karne ya 20. "Radar" na "laser" yamezaliwa hivyo. Neno lenye miaka mia kadhaa likidaiwa kuwa kifupisho, lishuku kwanza.

Dhana: WOMAN ni "womb" na "man", mwanaume mwenye tumbo la uzazi.

Niliisikia mara ya mwisho kwenye sendofu Mafinga. Emsii aliigeuza hotuba, shangazi zake bibi harusi wakapiga vigelegele. Sikutaka kuharibu pilau la watu, nikanyamaza.

Kiingereza cha kale kilisema wifman. Wif alikuwa mwanamke, na man alikuwa mtu, awe wa kike au wa kiume. Ni ujenzi uleule wa Kiswahili: mwana na mke, mwanamke. Wif akabaki kwenye "wife", pia kwenye "midwife", ambamo "mid" ilikuwa na maana ya "pamoja na": mkunga ni aliye pamoja na mwanamke. "Womb" nalo zamani lilikuwa tumbo tu, hata la mwanaume aliyeshiba.

"Female" lina kisa kitamu zaidi. Halina udugu na "male". Limetoka Kilatini femella, kimwanamke kidogo, likapitia Kifaransa femelle. Waingereza wakaliona linakaribiana sauti na "male", ambalo limetoka masculus, wakalinyoosha mkia ili lifanane. Sasa kila anayelitazama anadhani moja limetokana na jingine. "History" pia halina "his": ni Kigiriki historia, maarifa yanayopatikana kwa kuuliza na kuchunguza.

Kabla hatujawacheka, tujitazame. "Keep left" ya Waingereza tumeisikia ina "ki" mbele, ikawa kipilefti, na vikiwa viwili ni vipilefti. Kitabu ni Kiarabu kitab, ambamo "ki" ni sehemu ya mwili wa neno. Tumeing'oa, tukapata vitabu. Nao "helicopter" ni helico, mzunguko wa skrubu, na pter, bawa. Waingereza wakalikata kwingine kabisa na kubaki na "copter". Kwa kupasua maneno pasipo mshono, sote ni mafundi.

Dhana: herufi isiyotamkwa ilitamkwa zamani, halafu watu wakawa wavivu.

Mara nyingine ni kweli: K ya "knife" ilitamkwa. Lakini mimi nauza vitabu vya risiti na nina daftari la madeni, na maneno hayo mawili ndiyo yananiudhi. Waingereza walipokea "dette" na "receite" kutoka Kifaransa bila B wala P yenye sauti. Wasomi waliokuwa wakikienzi Kilatini wakachomeka B katika "debt" ili ifanane na debitum, na P katika "receipt" ifanane na recepta. "Deceit" yenye asili ya namna hiyo hiyo wakaisahau. Kwa hiyo mtoto wangu akiandika "receit" anakosea kwa mujibu wa kamusi, ila yuko karibu na wahenga wa Kiingereza kuliko mwalimu wake. Kiswahili kilipolichukua kikaandika risiti, na biashara zinaenda.

S ya "island" ni mbaya zaidi, maana ilichomekwa kwa udugu wa uongo. Neno la kale lilikuwa iegland, la Kiingereza chenyewe. Watu wakalifananisha na "isle" la Kifaransa lenye asili ya insula, wakaliazima S yake. Inanikumbusha kijana wa kidato cha pili aliyenihakikishia kwamba Iringa imetokana na "ring", kwa sababu ngome ya Mkwawa ilizungushiwa ukuta. Ukuta ulikuwepo, pale Kalenga, na Wajerumani waliuvunja Oktoba 1894. Jina lakini ni la Kihehe: lilinga, ngome. Herufi nne zilimtosha kijana kujenga historia nzima.

Madogo madogo, ya kupita haraka. Kwamba lipo neno la tatu la kawaida linaloishia na GRY, baada ya "angry" na "hungry": halipo, ni kitendawili kilichowasumbua Wamarekani tangu miaka ya 1970. Kwenye makamusi makubwa utapata "aggry", shanga za kale za kioo zinazopatikana Ghana, lakini hilo si neno la kuombea chumvi. Kwamba "dreamt" ndilo pekee linaloishia na MT: lipo na "undreamt". Kwamba kila neno la Kiingereza lina A, E, I, O au U: angalia "rhythm", "myth" na "hymn", ambamo Y inafanya kazi ya irabu. Lipo hata "cwm", bonde la duara ubavuni mwa mlima, kutoka Wales, ambako W husomeka kama U yetu. Nasi katika "mtu" tunatamka silabi nzima ya M bila irabu, wala hatuoni ajabu mpaka mgeni ashindwe kusema Mbeya.

Dhana: Q haitembei bila U.

Watoto wa mtaani kwetu hucheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga herufi kuunda maneno, Jumamosi dukani, kwenye meza ya leminesheni, na Q yenye pointi 10 huwaliza kila wiki. Wanangoja U. Nikawaambia Waingereza wenyewe hawakuwa na ndoa hiyo: malkia aliandikwa cwen, ndipo waandishi waliofuata mtindo wa Wafaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, wakaleta QU na kupata "queen". Maneno yenye Q pekee yaliingia baadaye kutoka lugha nyingine, mengi Kiarabu, na hapo ndipo Mswahili ana mtaji ambao hajui anao. "Qadi" ni kadhi. "Qibla" ni kibla. "Talaq" ni talaka, "niqab" ni nikabu, "faqir" ni fakiri. "Qanun" ni kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Sisi tuliyaandika kwa K kwa sababu Q hatunayo kwenye alfabeti yetu. Waingereza wakaiacha Q ionyeshe lilikotoka. Binti wa jirani alipoweka "qadi" juu ya ubao, mwenzake akadai ni jina la mtu. Tukafungua kamusi. Limo.

Imebaki aibu yangu mwenyewe. Juu ya mlango wangu pameandikwa STATIONARY, kwa A. Wateja waliosoma hunisimamisha: dada, kwa A ni kitu kilichosimama, kwa E ndiyo karatasi na kalamu, maneno haya hayahusiani. Nusu ya kwanza wako sahihi. Nusu ya pili ndiyo dhana. Ulaya ya zamani wauzaji wengi walizunguka na mizigo mgongoni kama wamachinga. Muuza vitabu aliyekuwa na kibanda kisichohama, mara nyingi karibu na chuo kikuu, aliitwa stationarius, yaani aliyesimama mahali pamoja. Kwa Kiingereza akawa "stationer", na bidhaa zake "stationery". Maneno yote mawili ni ya mzizi mmoja wa kusimama. Herufi pekee ndiyo iliyoyatenga.

Fundi rangi anataka elfu kumi kubadilisha A iwe E. Duka halijahama tangu nilifungue, kwa hiyo bango bado linasema kweli.