Mtazamo chanya, mtazamo hasi na afya yako: maswali mnayoniuliza sana

Haya maswali nimeyakusanya kutoka kwa watu tofauti tofauti, wengine wagonjwa, wengine wanauguza, nimeyajibu kwa jinsi ninavyoelewa na pale ambapo utafiti upo nimeutaja.

Swali: Hivi mtu mwenye mtazamo chanya ni yupi hasa, ndo yule anayecheka mda wote?

Hapana, na hapa ndo wengi tunapochanganya. Ucheshi ni kitu kingine, kuna watu wanachekesha balaa lakini ukikaa nao chini wanakwambia mbele hawaoni kitu. Tunachoongelea hapa ni kile mtu anachotegemea kitokee. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Michael Scheier na Charles Carver, mwaka 1985 walitoa dodoso fupi la kupima hilo, likaja kuboreshwa 1994, na linachouliza ni kitu chepesi kabisa: mambo yasipoeleweka we unategemea yataisha vizuri? Au unaamini kama kuna kitu kinaweza kuharibika kwako basi lazima kiharibike? Unasema unakubali au unakataa kwa kiasi gani, unapata alama zako. Kwahiyo watu hawagawanyiki mafungu mawili, ni kama ngazi, kila mtu kasimama pake, na wengi wetu tuko huko katikati.

Swali: Sasa mawazo yanaingiaje kwenye presha na moyo?

Mwaka 2019 zilitoka tafiti mbili kubwa. Moja iliangalia wanawake karibu 70,000, wote wauguzi wa Marekani, na wanaume 1,400 na ushee waliowahi kuwa jeshini, ikaonekana wale waliokuwa juu kabisa kwa matumaini waliishi mda mrefu zaidi kwa wastani wa asilimia 11 mpaka 15 kuliko waliokuwa chini kabisa. Nyingine ilijumlisha tafiti 15 zenye watu zaidi ya 229,000, ikakuta wenye matumaini wana hatari ndogo ya matatizo kama shambulio la moyo na kiharusi, pungufu kwa asilimia 35 hivi. Lakini taratibu hapo, hizi zinaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, hazithibitishi kwamba kimoja ndo kimeleta kingine, maana mtu mwenye afya nzuri na maisha nafuu ni rahisi pia kuwa na matumaini. Watafiti wanajaribu kuondoa hizo tofauti kwenye mahesabu ila huwezi kuziondoa zote.

Njia moja mimi nimeiona kwa macho yangu. Shangazi yangu alipimwa sukari, majibu akapewa kwenye bahasha ayapeleke kwa daktari chumba cha mwisho kwenye korido, hakwenda. Akaikunja akaiweka kwenye mkoba, ile zipu ya ndani, ikakaa humo wiki saba. Siku naiona imeshachakaa pembeni na gundi haijaguswa. Namuuliza shangazi kulikoni, akanijibu "kama ni ugonjwa ni ugonjwa tu mwanangu, kujua kutanisaidia nini?" Hiyo sentensi mpaka leo inaniumiza, kwasababu mawazo yake hayakupandisha sukari, yalichofanya ni kuzuia miguu yake isifike mwisho wa korido. Mtu anayeamini kuna kitu kitasaidia ndo anayemaliza dozi, ndo anayerudi kliniki, ndo anayejaribu kuacha sigara mara ya nne baada ya kushindwa mara tatu. Kuna na upande wa mwili wenyewe, ukiishi na hofu mda mrefu homoni za stresi kama kortiso zinaweza kubaki juu, usingizi unaharibika, presha nayo inasumbua, lakini mi naona hiyo ya miguu ndo kubwa.

Swali: Nina kansa na kila anayekuja kuniona ananiambia niwe na mawazo chanya ndo nitapona, ni kweli?

Pole sana. Na jibu ni hapana, tafadhali usibebe huo mzigo. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa Australia uliofuatilia wagonjwa 179 wa kansa ya mapafu, wakapimwa matumaini yao kabla na baada ya matibabu, haikuonekana kwamba wenye matumaini zaidi waliishi zaidi. Matumaini yanaweza kukupa nguvu ya kuhimili matibabu, kulala vizuri kidogo, kuongea na watu wako, hivyo ni vitu vya thamani kubwa, lakini uvimbe hausomi mawazo ya mtu. Una haki ya kulia. Una haki ya kuogopa na kusema naogopa. Nyie mnaoenda kumuona mgonjwa naombeni muache kumwambia "ukiwa chanya utapona", maana siku hali ikibadilika mnakuwa mmemuachia ugonjwa na lawama juu yake, aanze kujiuliza ni siku gani aliwaza vibaya mpaka ikawa hivi. Muulize tu leo umeamkaje, alafu usikilize.

Swali: Kwanini mimi kila kitu naona ubaya kwanza, nimezaliwa hivi?

Kidogo ndio. Mwaka 1992 utafiti wa mapacha huko Sweden ulikadiria kwamba kama robo hivi ya tofauti za watu kwenye matumaini inatokana na kurithi, kinachobaki ni maisha, malezi, yaliyokupata. Alafu ubongo wa binadamu wote unashika baya haraka kuliko zuri, we mwenyewe angalia, ukisifiwa na watu kumi na mmoja akakuponda usiku unalala na maneno ya nani? Ndo maana ukishinda kwenye simu unasoma habari unaona dunia imeisha. Chukua mfano mmoja tu: mwaka 1990 watoto waliokufa kabla ya kufika miaka 5 duniani walikuwa zaidi ya milioni 12, mwaka 2022 walikuwa milioni 4.9. Bado ni wengi mno, hata mmoja ni mwingi, lakini hiyo safari ya chanjo, maji safi, vyandarua na wakunga umeiona kwenye habari mara ngapi? Habari inapenda kitu kilichotokea leo, na mtoto ambaye hakufa hatokei kwenye habari.

Lakini kuna jambo jingine nataka ulielewe vizuri. Mwaka 1967 wanasaikolojia wa Marekani Martin Seligman na Steven Maier walifanya majaribio na mbwa, yale majaribio leo yanatia huruma kuyasikia, walipigwa shoti za umeme ambazo hawakuwa na namna ya kuzizima. Baadae wakawekwa kwenye boksi lenye kizuizi kifupi cha kuruka tu wakawa salama, kama theluthi mbili hawakujaribu hata kuruka, walilala chini wakapokea. Kwa miaka mingi ikasemwa kwamba walijifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 hao hao wawili wakaandika kwamba walikuwa wameelewa kinyume: mateso yakizidi, kunyong'onyea ndo hali ambayo ubongo unaangukia wenyewe bila kufundishwa, kinachofundishwa ni kujua kwamba nina uwezo wa kubadilisha kitu, na hilo linashikiliwa na sehemu ya mbele ya ubongo. Kwahiyo wewe uliyepigwa na maisha mpaka ukaacha kujaribu huna kasoro, uko kama binadamu yeyote angekuwa.

Swali: Nitajuaje kwamba mtazamo wangu umekuwa hasi kiasi cha kunidhuru?

Sikiliza unavyojielezea jambo likienda vibaya. Tuseme umeanza dawa za presha, mwezi umeisha, unapima bado iko juu. Mmoja anasema "mwezi huu haijashuka, nimuulize daktari kuhusu dozi, na zile siku tatu nilizosahau lazima nimwambie". Mwingine anasema "presha yangu haitoshuka milele, mwili wangu umeshaharibika wote, na mimi ndo nilivyo, sijawahi kufanikiwa kitu". Kipimo ni kilekile, namba ni zilezile. Huyu wa pili kachukua tatizo la mwezi mmoja kalifanya la milele, kachukua namba moja kaisambaza maisha yote, alafu kajigeuza yeye mwenyewe kuwa ndo tatizo. Huo mtindo wa kujieleza Seligman na wenzake waliuandika mwaka 1978 na ndo ninaouona kwa watu wengi sana wanaoacha dawa.

Ukijikuta umesema "siku zote" au "milele" simama hapohapo ujiulize, kweli siku zote? Sio kwamba ujidanganye mambo ni mazuri, hapana, unaihoji ile sentensi kama ambavyo ungemhoji mtu aliyekuletea umbea. Aaron Beck, daktari wa Marekani aliyeanzisha tiba ya namna hii miaka ya 1960, alikuwa anafanya hivyo hivyo na wagonjwa wake, wanaliweka wazo mezani wanatafuta ushahidi wa huku na wa huku.

Swali: Si bora kutegemea mabaya ili nisiumie yakitokea?

Inategemea unafanya nini baada ya kuyategemea. Kuna watu wanawaza kila kinachoweza kuharibika alafu wanakipangia dawa kimoja kimoja, mwanasaikolojia Julie Norem ameandika sana kuhusu hawa tangu 1986, na ukiwalazimisha wawe chanya kwa nguvu unawavuruga. Huyo muache, anaenda operesheni na maswali yake kumi kwenye karatasi na hiyo ni afya. Shida ni yule anayewaza baya akaishia hapo.

Na matumaini nayo yana sumu yake. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Neil Weinstein aliwauliza wanafunzi wa chuo uwezekano wa mabaya kuwapata, wengi wakajiona wao hatari yao ni ndogo kuliko ya wenzao, kitu ambacho hakiwezekani kwa wengi wote kwa pamoja. Huyo ndo anayeendesha pikipiki bila helmeti, yule mwingine aliyekata tamaa nae haivai, anasema ajali haina kinga. Wamefika sehemu moja kwa njia mbili! Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen nae, mwaka 1991, alikuta wanawake waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito wakiamini wataweza walipungua zaidi, lakini waliokuwa wanaota tu raha raha jinsi watakavyopendeza walipungua kidogo.

Swali: Ni wakati gani sio mtazamo tena, ni ugonjwa?

Kama huzuni au kukosa hamu ya kitu chochote kumekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi umeharibika, hamu ya kula imebadilika, unachoka bila kazi, unajiona huna maana, hiyo inaweza kuwa sonona, wengi mnaiita depresheni, na inatibika kwa maongezi na mtaalamu, kwa dawa, au vyote viwili. Usimwambie mtu wa hivyo ajikaze. Na kama umeanza kuwaza kufa au kujidhuru usisubiri wiki mbili, mwambie mtu aliye karibu nawe leo na muende hospitali leo.

Swali: Baba yangu haambiliki, kila ukimshauri anasema haisaidii, nifanyeje?

Punguza maneno, ongeza kwenda nae. Kwenye yale majaribio ya mbwa kuna kitu kilifuata mwaka 1968: kuwaita na kuwabembeleza hakukusaidia, kilichosaidia ni kuwavuta kwa kamba mpaka upande salama, wakavutwa tena na tena, mara nyingi sana, mpaka wakaanza kuvuka wenyewe. Mzazi havutwi kwa kamba, ila mwili wa binadamu nao unaamini zaidi kile ulichokifanya kikakubali kuliko ulichoambiwa. Tafuta kitu kidogo ambacho lazima kitafanikiwa, mfano kupima presha tu, dakika tano, wewe upo pembeni.

Kwa shangazi sikumpa hotuba. Nilimwambia naomba twende wote, bahasha nitashika mimi. Tukakaa kwenye benchi, akafungua yeye mwenyewe, sukari ilikuwa juu ila ya kutibika kwa vidonge na kubadilisha mlo. Kliniki ya kwanza nilimpeleka, ya pili nikampeleka tena analalamika njia nzima. Ya tatu sikujua kama imefika, nilikuja kuona tarehe mpya imeshaandikwa kwenye kadi yake.